Ua la Kike, Ua la Kiume

Nilifukuzwa kazi kwa sababu ya ua la boga.

Nilikuwa mtunza bustani wa Madame mmoja, katika mtaa wa Wazungu hapa Élisabethville. Mwaka ule nyuki walimuuma kwenye kope, akaamuru wote waliokaa ndani ya mti nyuma ya jiko wachomwe kwa petroli. Niliwachoma mwenyewe. Mvua zilipokuja, maboga yake yalichanua vizuri lakini hayakuzaa. Kila asubuhi niliokota vitoto vya boga vilivyooza kwenye ncha. Madame akasema mbolea naipeleka kwangu.

Nilijua kilichokosekana. Padri wa shule yetu alitufundisha sehemu za ua ubaoni, ila mama yangu alikwisha kunionyesha kabla yake, shambani kwetu kaskazini. Basi siku moja niliamka mapema, kabla maua hayajajifunga. Nilichuma ua la kiume, nikalivua majani yake ya manjano, ukabaki ule mti mdogo wa katikati uliojaa unga wa chavua. Nikaupakaza kwenye kinywa chenye kunata cha ua la kike. Nilikuwa nimefikia la tatu Madame aliponikuta, akauliza kwa nini ninamharibia maua.

Nilifurahi kuulizwa. Nikamwambia, "Madame, hii iko ua ya bwana. Ile iko ya bibi, angalia katumbo yake hapa chini. Bila unga ya bwana, bibi hawezi kuzaa. Nyuki ndio walikuwa wanaipeleka."

Uso wake ukawa mwekundu. Aliingia ndani, akatoka mume wake. Nikainua kidole nimwonyeshe ile chavua. Hakukitazama. Alinipiga kofi, akasema, "Maneno ya namna hiyo unamwambia mke wangu?"

Katika kitabu changu cha kazi aliandika kwamba nina mdomo mchafu. Kabla ya saa sita mke wangu alikuwa amekwisha kufunga godoro, tukatoka kwenye chumba chetu cha uani. Nilizunguka nyumba nyingi, na kila Madame alisoma ule mstari kisha akanirudishia kitabu. Mwishowe nilikwenda Kipushi, nikashuka mgodini kuchimba.

Baada ya miezi kadhaa nilikutana sokoni na mpishi wa nyumba ile. Alinieleza kwamba yale maua matatu yalizaa, na maboga yake yaliliwa siku ya sikukuu. Bwana naye alikuwa amenunua kitabu cha bustani na brashi ndogo ya rangi. Kila Jumapili asubuhi aliwapeleka wageni bustanini, akawaonyesha ua la kiume na la kike, na jinsi ya kuyaozesha. Wake zao walipiga makofi. Madame ndiye aliyemshikia kikombe cha chavua.

Mpishi alidhani nitacheka. Nilimwomba anyamaze.