Kikundi Chetu cha Karanga kule Mzenga

Enzi zetu kule Mzenga mtoto hakuulizwa akikua anataka kuwa nani. Aliulizwa jembe kaliweka wapi. Nawaandikia wa rika langu; ninyi wengine someni, ila msinibishie.

Kazi yetu wasichana wadogo ilikuwa kuamia ndege kwenye mpunga wa mjomba wangu, Mjomba Kibwana. Unatoka alfajiri, umande unakulowesha hadi magotini, unapanda kwenye dungu na kombeo lako, unapiga kelele mpaka sauti inakauka kama ya jogoo mgonjwa. Mchana ni muhogo wa kiporo na maji. Na mpunga wenyewe si wako! Tukachoka. Mimi na Tatu, binti wa jirani, tukakusanya wenzetu tukafika saba, tukaenda kumwomba Mjomba kipande tulime karanga zetu wenyewe.

Mjomba hakucheka. "Kikundi? Vema. Chukueni pale kando ya njia ya kisimani. Zikizaa, pale ni penu kila mwaka. Zisipozaa, mnarudi kwa ndege mpaka mtakapoolewa."

Akatupatia mbegu, kazipaka majivu ili tusizile. Majivu! Kama vile hatukuwa na midomo ya kupuliza.

Siku ya kupanda, mmoja alichimba shimo, mwenzake akadondosha karanga mbili. Mwanzo tulikuwa waaminifu kama walimu wa madrasa. Mstari wa tatu njaa ikauma, ikawa moja shimoni, moja mdomoni. Kufika mstari wa sita tukawa tunafukia mashimo matupu, tena tunayakanyaga vizuri kama yana kitu ndani. Tatu akajifariji, "Mungu akitaka zitaota tu."

Mungu hakutaka. Mvua iliponyesha, mistari ya mwanzo ikachipua, iliyobaki ikawa kama fizi za kibogoyo. Na Mjomba kishasema Ijumaa anakuja kukagua! Sasa, kule kwetu kuna magugu ambayo yakiwa madogo ni pacha wa karanga, majani yale yale ya mviringo. Tukayang'oa porini na udongo wake, tukayapandikiza kwenye mapengo, tukayamwagilia maji ya kisimani.

Mjomba akaja. Akapita mstari kwa mstari, mikono nyuma. Akainama, akainuka. "Maashallah," akasema. "Palilieni. Usife hata mche mmoja."

Basi tukapalilia magugu, jamani! Tuling'oa magugu ili magugu mengine yapate nafasi. Yakatoa maua ya njano kama ya karanga, tukaanza kuamini wenyewe. Karanga za kweli zikabaki zimelala chini, zile nyingine zikatufika kiunoni, na kila Ijumaa Mjomba akija anazisifu. Wanawake wa kisimani wakipita wanabana midomo kwa kanga.

Siku ya kuvuna Mjomba akaita wazazi wote.

"Weye, anza na ule uliostawi," akaniambia.

Nikang'oa. Mzizi mtupu, mwembamba kama mkia wa panya. Mama akajifunika uso.

"Mbegu zangu zilikwenda wapi?"

Tatu akajikakamua, "Labda panya, Mjomba."

"Panya gani hao wenye hereni?"

Nikaona kipande chetu kinaondoka, na ndege wananingoja kule bondeni. Nikasema, "Mjomba, tulizila. Mimi ndiye niliyeanza."

Nikangoja bakora. Mjomba akakaa kitako kwenye tuta, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Alipopata pumzi akawaambia wazazi, "Watoto waliobembeleza magugu muda wote huu, wakipanda mbegu wameshiba watanishinda mimi. Kipande ni chao. Ila mwakani, siku ya kupanda, mama zao wawapikie ugali kwanza."

Na ikawa ndiyo sheria ya kikundi: hakuna kushika mbegu kabla ya kushiba. Mwaka uliofuata tulivuna karanga tukashindwa kuzibeba kichwani.

Siku hizi niko Visiga kwa mwanangu, na wajukuu nao wameanzisha kikundi cha vijana wakulima. Wana mwenyekiti, katibu, tisheti za kijani na gurupu la WhatsApp linalolia mchana kutwa kama kifaranga aliyepotea. Wamepiga picha na jembe ambalo karatasi ya dukani bado inaning'inia. Nikawauliza, "Mnalima wapi?" Wakajibu, "Bibi, bado tunatafuta eneo."

Nilitaka kuwacheka, nikashindwa. Sisi tulikuwa na ardhi, akili hatuna. Hawa akili wanazo, wamesoma, ila mjomba wa kumwendea wakamwomba kipande hawamjui. Mashamba tumeyakata viwanja, watu wa mjini wamejenga kuta. Hata pale kando ya njia ya kisimani pameshauzwa, na saini iliyo kwenye karatasi ya mauzo ni yangu mimi.