Nilivyomfuta Baba Mkwe kwa Diski ya Mikrofibre

Ndugu msikilizaji, kaa karibu, na kama una kitu mdomoni kimeze kwanza. Nimekosa! Si shetani aliyenishika mkono, wala hakuna jirani aliyeniroga. Ni mimi, kichwa changu kigumu, na kipande cha kitambaa cha duara ambacho ningeweza kukificha chini ya kofia.

Mimi ni mng'arishaji wa magari hapa Kolwezi. Tuna lavaji, mahali pa kuosha magari, kando ya barabara kule Manika, mimi na rafiki yangu Kabeya. Yeye anaosha, mimi naondoa mikwaruzo.

Na mikwaruzo kwetu haikosi! Malori ya madini yanapita, vumbi jekundu linatua juu ya gari, halafu mwenye gari anatoka kanisani na suti yake na kulipangusa kwa kitambaa kikavu. Anadhani anasafisha. Anasugua mchanga! Jua likipiga, rangi yote imejaa miduara myembamba kama utando wa buibui. Ndipo analileta kwangu, nami namwambia, "Tata, usiogope, hii inatoka."

Wakati huo nilikuwa namchumbia msichana mmoja, nitamwita Ngalula. Familia yao asili yao ni Kasai, wazee wao waliletwa huku na kazi ya mgodi. Baba yake naye alifanya kazi mgodini, akafariki kabla sijamjua. Aliacha nyumba, na gari jeusi la zamani la Kijerumani ambalo mama yake Ngalula analiendesha kwenda kanisani kana kwamba amebeba mayai.

Gari hilo ndilo lingembeba Ngalula siku ya ndoa. Hapakuwa na mjadala. Mama alisema, "Baba yake hatakuwa, lakini motoka yake itakuwa." Mimi nikajitolea kuling'arisha. Ningeachaje? Mama huyo alikuwa bado hajanikubali. Nyuma yangu alikuwa ananiita "ule wa kusugua". Nikasema moyoni: subiri, mama, utajiona uso kwenye mlango!

Sasa sikiliza habari ya bukwe, yaani ukwe, la sivyo hutauelewa ujinga wangu. Kwetu mwanaume hasimami uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona njiani, unakata kona. Huli mbele yake, humkazii macho, humjibu moja kwa moja. Akiwa na neno, anampa mtu akuletee. Asipopata mtu, anakiambia kitu chochote kilicho karibu, mbuzi au sufuria, kwa sauti, nawe unasikia kwa pembeni. Mnaheshimiana kwa umbali, kama mbabula, jiko letu la makaa, na petroli.

Sheria nzuri sana. Mimi ndiye niliyeigeuza kuwa mahali pa kujificha.

Asubuhi hiyo nikaweka vifaa vyangu kwenye mfuko. Hapa niruhusu nifundishe kidogo, maana hata nikiwa natubu siwezi kuacha kufundisha.

Diski ya mikrofibre ni kitambaa cha duara chenye nywele fupi zilizosimama, kama zulia dogo. Unaibandika kwenye mashine inayozunguka, unaitia dawa ya kung'arisha. Nywele zinaishika ile dawa, na kila unywele unakata rangi, kidogo sana. Sponji inabembeleza, mikrofibre inauma. Tena zenyewe hazifanani. Yenye mgongo mwembamba na mgumu inauma sana, ni ya mikwaruzo iliyoingia ndani. Yenye mgongo mnene na laini inapitisha tu ulimi. Kanuni ni rahisi: anza na laini. Ikishindwa, panda.

Unaona? Nilijua! Ningekuwa sijui ningejisamehe mapema.

Kabeya, ambaye huniita yaya, yaani kaka, aliniona nikichukua ile ngumu, mpya kabisa, bado iko kwenye plastiki yake.

"Yaya, unaanza na ile? Kwa bukwe?"

"Kabeya, we osha matairi."

"Mi naosha. Lakini kwa bukwe banaenda na sponji, sha! Ile inakula!"

"Inakula mikwaruzo."

"Na ikishiba mikwaruzo?"

Nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, mashine mapajani kama mtoto mchanga.

Nyumbani kwa mama mkwe hapakuwa na mtu wa katikati. Ngalula alikuwa amekwenda sokoni kutafuta vitambaa na shangazi zake. Na umeme, kwa balaa langu, siku hiyo ulikuwepo! Siku zote unakatika. Siku hiyo ulisimama kama askari.

Nikaliosha gari, nikabandika skochi, ule utepe wa kunata, kwenye kingo zote, kwa sababu kwenye kingo rangi ni nyembamba. Angalau hilo nililifanya. Likumbuke.

Nikaanza na milango. Ndugu yangu, ilitoka kama kioo cha saluni! Diski ilibaki nyeupe kwa dawa. Nikajipongeza kwa sauti. Kisha nikasogea kwenye kapo, kile kifuniko cha injini, nikainama nikaitazama upande upande dhidi ya jua.

Lo! Kapo yote ilikuwa na mistari. Si ile miduara ya buibui. Mistari minene, inayokwenda sambamba kutoka mbele kwenda nyuma, kama shamba lililolimwa. Sijawahi kuona mikwaruzo ya namna ile maishani mwangu. Mtu mwenye akili, akiona kitu ambacho hajawahi kukiona, anauliza. Mimi nikafurahi! Nikasema: hii ndiyo kazi ya diski yangu.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama mkwe akatoka. Nami, kwa adabu zangu zote, nikakimbilia nyuma ya tangi la maji.

Akasimama uani. Nikamsikia akimsemesha kuku.

"Wewe kuku! Unanisikia? Ambia ule muntu wa mashini..."

Ngoja nikwambie ukweli ambao sikumwambia hata padri. Nilijua anasema na mimi. Kuku pia alijua. Lakini nikawaza: sasa huyu mama anataka kunifundisha kazi yangu. Nikazunguka upande wa pili wa gari, nimeinamisha kichwa kwa heshima kubwa, nikawasha mashine.

Mashine ikalia. Mama akapaza sauti. Nikaongeza mwendo. Akapunga mkono. Mimi macho chini, mkwe wa mfano! Mwisho akarudi ndani, na kuku akabaki ananitazama.

Nikaishusha ile diski ngumu katikati ya kapo. Nilipoinua, ilikuwa imegeuka nyeusi.

Hapa ndipo ninapotaka kujipiga kofi kila ninapokumbuka. Gari la kawaida lina verni juu ya rangi, ngozi isiyo na rangi. Ukiing'arisha, diski haichukui rangi ya gari. Ikichukua, ujue hakuna verni, unakula rangi yenyewe. Milango imeniachia diski nyeupe, kapo imenipa diski nyeusi. Nikasema nini? Nikasema, "Ni vumbi."

Vumbi! Vumbi la Kolwezi ni jekundu, mjinga wee! Mbwa wetu ni wekundu, nguo za ndani ni nyekundu, hata uji ukisahau kuufunika unakuwa mwekundu. Nani aliwahi kuona vumbi jeusi hapa?

Nikaendelea. Mistari ikaanza kufutika, nami nikaifukuza mpaka kando, hadi kwenye skochi. Kisha katikati ya ule weusi kikatokea kitu cha kijivu. Kwanza kama kovu. Halafu, kabla kidole hakijaachia swichi, kama sahani ya bukari, ugali wetu. Ile rangi ya chini kabisa, ya kuzuia kutu, ikinitazama mchana kweupe.

Nikazima.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akaja mpaka kwenye gari, na safari hii mguu wangu haukukimbia. Akaweka kiganja juu ya ile sahani. Akanitazama usoni, akasema na mimi bila kuku.

"Ile haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa pinso ya bwana yangu."

Pinso. Brashi ya kupakia rangi.

"Jiwe ya lori ilipasua kapo ku njia ya Fungurume. Akakatala bafundi. Akasema, 'Mi naweza.' Akanunua rangi ya milango ya nyumba, akapakala yeye mwenyewe, huku anaimba. Nilimucheka! Nilimuambia motoka inafanana na muhogo. Kila siku ya Mungu nikiingia mu hii motoka, naangaria ile mistari. Sasa we umefuta."

"Mama, sikujua..."

"Mi niliambia kuku. Kuku alisikia. We, hapana."

Akaingia ndani. Sikudiriki hata kukunja waya vizuri.

Jioni mjomba wa Ngalula akanipigia simu: mkutano wa familia mbili umesimama. Ngalula mwenyewe hakupokea simu yangu. Nilikuwa nakaribia kumpoteza mwanamke ninayempenda kwa sababu sikutaka kumsikiliza mama yake.

Kabeya, rafiki mwema mwenye ushauri mbovu, alikuwa na dawa. "Tupakale kapo nyeusi, yaya! Itatoka muzuri kupita zamani. Nani atajua?"

Nilikaribia kukubali. Ngalula alipokuja lavaji hatimaye, nilimwambia mpango huo kwa fahari. Aliniacha nimalize.

"Ukipakala, itakuwa kapo yako," akasema. "Mi sitapanda."

Basi nikafanya ambalo lilinipasa tangu mwanzo. Nikamchukua mjomba wangu na mbuzi, mbuzi wa haya, anayetolewa mtu akimvunjia heshima mkwe. Mbuzi huyo alikuwa na aibu kuliko mimi. Alilia njia nzima. Nikapiga magoti uani. Nikasema nilimsikia mama, nikawasha mashine makusudi. Sikusema vumbi. Sikusema umeme.

Mama akageuka kuitazama kapo. Kisha akauliza, "Na hii skochi, utaacha mpaka lini?"

Ilikuwa bado imebandikwa kwenye kingo za kapo. Siku ile nilikimbia bila kuibandua. Nikainuka kuitoa, akanizuia. Akaibandua mwenyewe, taratibu, kwa kucha.

Chini yake kulikuwa na ukanda mwembamba, mweusi, wenye mistari. Mikono ya mzee. Ilikuwa imebaki pembeni pote, kama fremu ya picha. Mama akapitisha kidole juu yake kutoka kona hadi kona. Akacheka kidogo, huku machozi yanamtoka.

"Hapa," akaniambia, "utakufa bila kugusa."

Ngalula aliolewa na mimi. Gari lilimbeba, milango kama kioo na kapo yenye upara. Shangazi walitaka kulifunika doa kwa maua, mama akakataa. "Bacha batu baone." Na watu waliona! Madereva wa taxi-moto walipiga kelele toka Manika mpaka kanisani: "Mama, motoka inazeeka kichwa!"

Adhabu yangu haijaisha. Mpaka leo kila Jumapili mama anapita mbele ya lavaji yetu, anapunguza mwendo, anapiga honi. Wateja wanauliza nani aliyeharibu kapo nzuri namna ile. Anashusha kioo.

"Ni mukwe yangu! Fundi mukubwa! Mumupe motoka zenu!"

Wengine wanageuza gari palepale. Kabeya anakwenda kucheka nyuma ya ndoo.

Ndugu yangu unayeshika mashine, hujachelewa wewe. Muulize mwenye gari nani aliyepaka kila sehemu, na umsikilize mpaka amalize, hata kama anazungumza na kuku. Kisha chukua diski laini kuliko zote ulizonazo, jaribu mahali padogo pa pembeni, zima mashine, geuza diski uitazame. Ikiwa imechukua rangi ya gari, iweke chini.