Siku Niliyoita "Mtu"

Nyuma ya reli pale Malaba kuna mama mmoja anayeuza nyama ya nguruwe, na kabla ya kukikata kichwa hukichoma manyoya juu ya moto wa kuni. Harufu yake ni kali na ina uchungu fulani, inakaa kwenye nywele na kwenye nguo mpaka ufue. Wateja wake, wengi wao madereva wa malori, hawaijali hata kidogo. Mimi nikipita pale huziba pua na kuongeza mwendo, na si kwamba sili nguruwe, nakula sana tu. Ni kwamba harufu ile hunirudisha kinamasini, nina miaka kumi, mkono mmoja umemshika mbwa shingoni na mwingine umeuziba mdomo wangu mwenyewe.

Kinamasi chenyewe kilikuwa cha serikali, maana yake kilikuwa cha kila mtu. Kilijaa mafunjo na nyasi zilizompita mtu mzima kimo, na wakati wa kiangazi matope yalikauka kiasi cha kupitika. Hapo ndipo wawindaji walipoingia kila Jumamosi asubuhi. Sisi Waluhya tulitoka vijiji vya chini, wenzetu Wateso walitoka upande wa Malaba, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumfukuza mwenzake. Najua, kuwinda ni kosa kisheria, na sisi tulijua hata wakati ule. Ila askari wa wanyama alikuwa mbali na nyasi zilikuwa ndefu.

Ungedhani watu wale wangechinjana. Kumbe sijawahi kuona mahali penye adabu kuliko pale, na nimeingia makanisa mengi. Mkiwakuta wenzenu wamefika kwanza, hamuingii. Mnasimama kwenye njia ya ng'ombe, ncha za mikuki zikitazama chini, mpaka mmoja wao aje awasalimu. Sisi tuliwasalimu kwa Kiteso, "Yoga!", nao wakatujibu kwa Kiluhya, "Mulembe!", kila upande ukiharibu lugha ya mwenzake kwa heshima zote. Mbwa wa mwenzako humwiti kwa jina. Ndezi, yule panya mnene wa mafunjoni, akiamshwa na mbwa wa huku akauawa na mkuki wa kule, kichwa na mgongo ni vya mwenye mbwa, paja ni la mwenye mkuki, na anayebisha anaonekana hakulelewa. Watu waliogombania mpaka wa shamba wiki nzima mbele ya chifu walikuja pale wakagawana nyama bila sauti kupanda.

Na kulikuwa na neno moja. Ndani ya nyasi zile huoni kitu, unaona tu majani yakitikisika, na yanayotikisika yanaweza kuwa mnyama au yanaweza kuwa mume wa mtu. Kwa hiyo yeyote aliyeona mwenzake yuko mbele ya mkuki alipiga kelele, "Mtu!" Lilikuwa neno la Kiswahili makusudi, kwa sababu mwenye hofu hana nafasi ya kutafsiri. Likisikika, kila mwindaji aliuchoma mkuki wake ardhini palepale aliposimama na kuuachia, hata kama mnyama alikuwa mbele yake amejaa machoni. Hakuna kuuliza, hakuna kuchungulia kwanza. Na aliyeliita bure alivunjiwa mkuki, mbwa wake wakapigwa rungu mpaka kufa mbele yake, na nyumba yake haikukanyaga tena kinamasini. Mimi sikuwahi kuona adhabu hiyo ikitolewa. Nilihadithiwa tu, na kuhadithiwa kulinitosha.

Msichana kama mimi alitafuta nini huko? Nilimfuata mbwa wangu. Baba alikuwa fundi wa baiskeli siku sita za wiki, mtu mpole mwenye grisi kucha zote, na siku ya Jumamosi akageuka jenerali. Mbwa wetu aliitwa Kastamu, kama maofisa wa forodha pale mpakani, kwa kuwa alimsimamisha kila aliyepita langoni na kumkagua. Mama yake alikufa Kastamu akiwa bado hajafumbua macho, nikamlea mimi kwa uji, nikilala naye jikoni. Akawa haendi popote nisipokwenda. Wazee walinung'unika kwamba mtoto wa kike analeta mkosi. Baba akawajibu kifupi, "Huyu ndiye mwenye mbwa. Mbwa haiendi bila yeye," na kwa kuwa Kastamu alikuwa na pua kuliko mbwa wote wa vijiji vitatu, mkosi ukavumilika. Baba alinipandisha kila mara juu ya kichuguu kimoja nje ya nyasi, akaniambia nikishuka atanivunja miguu.

Jumamosi ile tulikuta wenzetu wamefika. Aliyekuja kutusalimu alikuwa Okiring, mchoma matofali wa Malaba, mtu mkubwa asiye na maneno mengi, mikono imebabuka kwa moto. Wakakubaliana kuingia pamoja kutoka pande mbili. Hawakujua kwamba ndani ya mafunjo yale alikuwa amelala nguruwe mwitu.

Mbwa wa kwanza kumfikia alirushwa juu, nikamwona akipinduka hewani, matumbo yakimfuata nje. Wa pili alilia mara moja tu kisha akanyamaza. Nguruwe akatoka kwenye uwazi mdogo chini ya kichuguu changu, dume jeusi, mgongo umesimama manyoya, mdomo unatoka povu na damu ya mbwa. Nilikuwa naona wazi kuliko mtu yeyote. Nikamwona Kastamu akiruka na kuling'ata sikio lake, akaning'inia hapo, akipigwa chini na kuinuliwa, akipigwa na kuinuliwa, lakini haachi.

Okiring akatokea kwenye nyasi upande wa kulia, hatua sita kutoka kwa nguruwe, mkuki umeinuliwa juu ya bega. Lilikuwa pigo zuri. Nguruwe alikuwa amempa ubavu. Ila juu ya ubavu ule, kila alipoinuliwa, alipita Kastamu wangu.

Nikapiga kelele, "Mtu!"

Sikufikiri. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kinamasi chote nikasikia mikuki ikichomwa ardhini, chwa, chwa, chwa, karibu na mbali. Okiring aligeuza uso. Nasema alinitazama, macho kwa macho, nikiwa nimesimama wima juu ya kichuguu mahali pasipo na nyasi. Kisha akauchoma mkuki wake ardhini na kuuachia.

Nguruwe akamkung'uta Kastamu na kumwendea Okiring. Huyu hakuwa na kitu mikononi. Alijaribu kumshika kichwa, nguruwe akapita chini ya mikono na kuinua jino lake refu lililochomoza, akampasua paja kuanzia juu ya goti mpaka karibu na nyonga. Niliona nyama nyeupe kabla haijawa nyekundu. Alianguka, nguruwe akageuka, akamrudia, akamchana tena mkono aliojikingia. Okiring alikuwa akinguruma kwa sauti nisiyoweza kuisahau. Wanaume wakanyakua mikuki na kukimbilia sauti hiyo. Wa baba uliingia kwanza shingoni mwa nguruwe, wa pili tumboni, halafu sikuhesabu tena, waliendelea kumchoma na kumponda kwa marungu hata alipokuwa nyama tu, wakitukana na kulia.

Nilikuwa nimeshashuka. Nilimkumbatia Kastamu, sikio lake moja limechanika na mguu mmoja haugusi chini, lakini anahema. Hapo ndipo niliuziba mdomo wangu, kama vile neno lingeweza kurudi ndani.

Baba alivua shati akamfunga Okiring paja, akikaza mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Nyuma yake akasimama Barasa, kijana wa kijijini kwetu, ambaye mmoja wa mbwa waliokufa alikuwa wake. Alizunguka uwazi ule akipekua nyasi kwa rungu.

"Nani ameita?" akauliza. "Na mtu mwenyewe iko wapi? Ajitokeze."

Hakuna aliyejitokeza. Watu wakahesabiana, wetu wote walikuwepo, wao wote walikuwepo, na kila mmoja alijua alikuwa amesimama wapi. Macho yakaanza kunigeukia, moja baada ya jingine. Barasa hakuhitaji zaidi. Alikuja akamshika Kastamu mguu wa nyuma, akamvuta kutoka kifuani pangu, nami nikaburuzwa naye.

"Huyu msichana ameita bure! Mzee wa watu amepasuliwa sababu ya mbwa! Fundi, toa mkuki yako ivunjwe."

Baba aliinuka. Nilimwona akienda kuuchomoa mkuki wake kutoka kwa nguruwe, akaupangusa kwenye nyasi, akaushika kwa mikono miwili apate kuuvunja gotini. Alikuwa ananitazama mimi, na sura yake ilinitisha kuliko nguruwe. Barasa akainua rungu juu ya kichwa cha Kastamu.

"Wacha mbwa," sauti ikasema kutoka chini.

Ilikuwa ya Okiring. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mtu ilikuwa huyu mtoto," akasema. "Alikuwa hapo ndani ya nyasi, nyuma ya nguruwe. Nimemwona na macho yangu. Ameshuka kufuata mbwa yake, akaona mkuki, akaita. Kama singeweka mkuki, ningemtoboa."

"Mzee, una uhakika?" Barasa akauliza.

"Ni mimi nimeumia ama ni wewe? Nimesema nimemwona."

Rungu likashuka polepole. Wazee wa Kiteso wakaanza kusema asante Mungu, mtoto amepona. Mmoja akanipapasa kichwa, akaniuliza kama nimeumia. Nikatikisa kichwa. Okiring wakambeba juu ya baiskeli mpaka barabarani, na lori moja likatoka kwenye foleni ya kuvuka mpaka likampeleka hospitali, jambo ambalo dereva wa Malaba halifanyi hata kwa mama yake mzazi. Nyuma wakachoma manyoya ya nguruwe ili agawanywe, na moshi wake ukanifuata mpaka nyumbani.

Jioni baba alinichapa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka mama akaingia katikati. Hakusema kosa ni lipi, wala sikuuliza. Kinamasini hakunipeleka tena. Kastamu alipona akawa kilema, akaendelea kukagua wageni kwa miguu mitatu. Msimu ule baba alilima shamba la Okiring kabla ya kulima letu, na mama akapeleka uji kwake kila Jumapili. Nikadhani huo ni ujirani mwema tu. Na kuhusu Okiring, nilijiambia kwamba maumivu yalimchanganya akili akaona kisichokuwepo. Wakati mwingine nilijiambia kwamba alinionea huruma, kwamba kuna kitu alikiona katika uso wangu akanipenda. Nilimpenda kwa ajili hiyo, kwa siri, miaka mingi.

Nilipoajiriwa, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikwenda kumtembelea na kilo mbili za sukari na ungamo langu. Nilimkuta amekaa kwenye matofali yake, mguu ule umenyooka mbele, hauwezi kukunjwa. Nikamwambia yote. Kwamba sikuwa ndani ya nyasi. Kwamba niliita kwa ajili ya mbwa. Nililia nikiyasema.

Alingoja nimalize.

"Mama, macho yangu haikuwa na shida," akasema. "Nilikuona kwa kichuguu."

"Kwa hivyo ulijua hakuna mtu?"

"Nilijua."

"Na bado ukaweka mkuki chini?"

"Umeita. Ukiita, naweka. Nikianza kuangalia kwanza, hiyo sheria imekwisha."

"Lakini baadaye, mzee. Mbona ulinitetea?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeulizwa mbona anavaa viatu.

"Sikutetea wewe. Hata jina lako sikujua. Wangejua umeita bure, Jumamosi ingine mtu anaita, kila mmoja anasimama na mkuki juu anajiuliza, huyu anasema kweli ama ni kama ule msichana wa fundi? Hapo mtu angekufa." Akafungua pakiti ya sukari akaichungulia. "Usiambie watu. Vijana bado wanaingia huko."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Niliumia, naungama, kugundua kwamba sikupendwa. Ilinichukua muda kuona ukubwa wa kitu alichokifanya yule mtu akiwa amelala kwenye damu yake, hana hakika ataona jioni, na bado anapiga hesabu ya Jumamosi ijayo kwa niaba ya watu ambao hawakuwa ndugu zake.

Nanyi nawaambia sasa kwa kuwa kinamasi hakipo. Kimemwagwa changarawe, malori yanalala pale, na hakuna wa kuita wala wa kuitwa.

Okiring alizikwa mwaka jana. Nilikaa nyuma, kwenye hema la majirani. Mwanawe mkubwa alishika maikrofoni akasimulia jinsi baba yao alivyoupata ule ulemavu, kwamba aliuweka mkuki chini mbele ya nguruwe mwitu ili kuokoa mtoto aliyekuwa ndani ya nyasi. Msimamizi wa shughuli akauliza kama mtoto huyo bado yuko hai, na kama yuko hapa, asimame watu wamwone.

Nikasimama. Watu wakapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Viti vitatu mbele yangu mzee mmoja aligeuka, mwembamba, kofia mkononi. Alikuwa Barasa, yule aliyepekua nyasi siku ile. Alinitazama muda mrefu sana, mpaka makofi yakaanza kuisha. Halafu akaiweka kofia magotini, naye akapiga makofi.