Ng'ombe wa Baba Ukutani

Siku ya kwanza kazini, pale Mugumu, sikuruhusiwa kuwasha projekta. Nilipewa brashi nifute vumbi kwenye meno yake, yaani vile vigurudumu vinavyouma vitundu vya mkanda na kuuvuta mbele ya taa. Bwana Sinema, mkuu wa gari letu, aliniuliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"La nne, mzee."

"Inatosha. Hapa sheria ni moja. Mkanda ukisimama mbele ya taa unaungua. Ukiungua, na wewe umeungua."

Baadaye gari lilihamishiwa Tarime, nami nikawa mwendeshaji. Tulionyesha filamu za kilimo na afya hadi Kemambo na Itiryo. Waliochelewa walikaa nyuma ya shuka la kuonyeshea, wakaona kila mtu analimia mkono wa kushoto.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Familia yetu ilipohamishwa kwenda kijiji cha ujamaa, mwenyekiti wetu alikuwa Magabe. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye alimtaja baba yangu mbele ya mkutano. Dume letu la kulimia lilipotea siku ya kuhama, Magabe akasema limekufa njiani. Baba akakataa, akaitwa mzushi na adui wa ujamaa, akafungiwa siku tatu. Tangu hapo hakuna mzee aliyemkaribisha kwenye chungu cha pombe. Alikunywa peke yake, kama mchawi.

Ndipo wakaja wanafunzi watatu wa chuo kikuu. Kiongozi wao alikuwa Zuhura, binti wa fundi cherehani wa Mugumu. Walitaka kupiga filamu ya kilimo cha plau, waipeleke kwenye tamasha la wanafunzi huko chuoni. Magabe akawapeleka mbali, kwenye shamba la nduguye Sabai. Waliporudi na mkanda uliokwisha kusafishwa, nakala moja tu, Zuhura akasema, "Wenyeji waione kwanza. Chuo kitasubiri."

Tulionyesha mchana ndani ya ghala la kijiji chetu, madirisha tumeziba kwa magunia. Magabe alikaa mbele, juu ya kiti. Mara dume likaingia ukutani likivuta plau ya Sabai, na baba akasimama.

"Huyo wangu! Pembe ya kushoto imekatika!"

"Kaa chini, mzee," Magabe akacheka. "Pembe zilizokatika ziko ngapi Tarime hii?"

"Mwita, mwanangu! Simamisha!" baba akaniita.

"Thubutu!" Bwana Sinema akaning'ata sikio kwa ukali.

Projekta yetu ilikuwa kuukuu, kibati cha kukinga joto kilishavunjika. Nikamtazama Zuhura. Jasho lao lote lilikuwa kwenye mkanda ule.

"Simamisha, kaka," akasema. "Mkanda ni wetu."

Nikasimamisha. Baba akageuka, akaupa ukuta mgongo. "Tazameni paja la nyuma. Kuna kovu la fisi, limejikunja kama ndoano. Mimi sitazami."

Wazee wakasogea. Kovu lilikuwepo. Kisha duara la kahawia likatokea tumboni mwa ng'ombe, likapanuka, likamla mzima. Nikazima taa. Mzee mmoja wa rika la baba akasema, "Magabe, tumeona."

Siku ya tatu Sabai mwenyewe alilileta dume, akalifunga kwetu bila salamu. Jioni hiyo baba aliitwa kwenye chungu.

Mimi nilirudishwa kwenye brashi, na haukupita muda nikaondolewa kazini. Bwana Sinema ndiye aliyeandika barua ya kuniachisha, naye namtaja. Uchungu huo sijaumaliza. Lakini nikiwa nyumbani nimekaa bure, wanafunzi wale walinitumia nauli ya kwenda kwenye tamasha lao.

Nilidhani wangekata kipande kilichoungua na kuunga kwa gundi, kama tulivyofanya sisi. Hawakukata. Ukumbini, duara lilipofika, nilitamani kuingia chini ya kiti. Filamu ikashinda tuzo. Zuhura akanivuta jukwaani: "Huyu hapa ndiye aliyeiunguza!" Ukumbi ukacheka, kisha ukasimama wote, ukapiga makofi.

Nimestaafishwa na mvi hazijaenea kichwani. Wakubwa wa kazi hawakuniaga. Walioniaga ni vijana wale, waliotoa kazi yao iungue ili mzee wa Tarime aaminiwe. Nawashukuru kila kunapokucha.

Mwalimu wao aliniuliza siku ile ya tamasha, "Na baba mwenyewe, mbona hukuja naye?"

"Msimu wa mvua huu, mwalimu," nikamjibu. "Analima. Ng'ombe yupo."