Mama Hakutaharuki

Juzi, kwenye duka la fotokopi Lindi mjini nilikofuata nakala zangu, mwalimu kijana alitoa nakala za hadithi fupi lakini akauzuia ukurasa wa mwisho. Alitaka wanafunzi wake waonyeshe kwanza taharuki iko wapi.

Mama mmoja wa kijiji cha Sudi, aliyefuata nakala ya kitambulisho, alikuwa ameshausoma ukurasa uliotangulia.

"Mwalimu, yule mke alifungua mlango au hakufungua?"

"Shikamoo, mama. Siwezi kusema."

"Marahaba. Basi siondoki."

"Hiyo ndiyo taharuki yenyewe."

"Mimi sijataharuki, mwanangu," akasema, akavuta kiti. "Nimekaa tu."

Gari la kwenda Sudi likapiga honi, likaondoka. Hakugeuka.

Shuleni nilikariri maana ya taharuki, nikapata alama zote. Siku hiyo nakala zangu zilikuwa tayari kitambo, nami nikavuta kiti.