Adija wa Kwenye Chupa

Adija alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, hapa Chang'ombe, Dodoma. Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kuingia kwa wingi, alikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kufungua belo. Mdomo wake haukulala. Jioni nikikagua makomeo ya mlango mara ya pili, nilimsikia akicheka upande wa pili: "Mama Elieth, mwizi atakuja kuiba nini kwako? Woga?"

Halafu akaota uvimbe kwenye ziwa. Aliuficha mpaka kanga ikashindwa kuuficha. Hospitali wakalikata.

Binti yangu Elieth alikuwa na kazi kwenye mradi mmoja Area D, katika nyumba iliyogeuzwa maabara. Walichemsha mizizi ya mlungulungu ili kuona kama maji yake yanaua kansa. Wakamwomba Adija kipande cha uvimbe.

"Chukueni," akasema. "Umenila vya kutosha, na wenyewe uonje uchungu."

Ziwa lenyewe mama yake aliyeishi naye, Bi Sabiha, alilifunga kwa bafta nyeupe na kulizika, maana kwao kiungo cha mtu hakitupwi. Habari ya kipande hakuambiwa. Adija akafariki kabla ya mvua.

Siku ya arobaini tulikuwa uani tukichambua mchele. Bi Sabiha akaanza kulia. Elieth akataka kumfariji.

"Bibi, usilie sana. Seli za dada Adija bado ziko hai kule maabara. Tunazilisha, zinakua vizuri."

Nyungo zote zikasimama.

"Seli ndiyo nini?"

"Chembechembe za ule uvimbe wake, bibi. Ziko kwenye chupa, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili."

"Mnazilisha ili iwe nini?"

"Tunaziwekea dawa, tuone kama zitakufa."

"Basi mwanangu nimemzika nusu," akasema Bi Sabiha, "na nusu mnamuua kila siku."

Tangu hapo, kila alfajiri nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwita Adija, kama mtu anayemwita mtoto aliyezidisha michezo. Na Elieth akirudi kazini, nilimtaka anawe nje kwanza kabla hajashika kikombe changu.

Bi Sabiha alitaka apewe chupa, mwanawe alale mahali pamoja. Nikamsindikiza Area D. Mkuu wao, Daktari Octavian, alimwamkia vizuri, lakini akakataa.

"Mama, mlungulungu haujawahi kufanya kazi kama unavyofanya kwenye seli hizi. Nikikupa, tunaanza upya, na wenye ugonjwa huu ni wengi."

Akamwelekeza aweke jicho kwenye hadubini, aone mwenyewe. Bi Sabiha akainama muda mrefu. Midomo yake ilikuwa ikitoa salamu.

"Hizi zilizojikunja?"

"Hizo zimekufa, mama. Ni dawa."

"Unazifanyia nini?"

"Tunateketeza."

"Unamchoma moto mwanangu? Hizo nipe."

Daktari alimtazama Elieth, kisha akatazama sakafu. Hakupata sababu ya kumnyima.

Sasa kila dawa ikifanya kazi, Elieth huleta zilizokufa ndani ya kichupa kilichosafishwa. Msikitini walimwambia Bi Sabiha kiungo huzikwa popote penye ardhi safi. Yeye akachagua chini ya ukuta, upande unaopakana na chumba changu cha kulala. Mgongo wake umechoka, hivyo mimi ndiye ninayechimba. Nataka nikione kikiingia ardhini kwa macho yangu.

Jana aliuliza tena, "Elieth, zimebaki nyingi?"

"Zimeongezeka, bibi. Zikipata chakula haziachi kukua."

"Mpaka lini?"

Elieth akasema hajui, labda hazina mwisho.

Bi Sabiha akafukia kwa kiganja, akasawazisha udongo, kisha akanigeukia.

"Mama Elieth, nikitangulia mimi, nani atakuwa anamzika?"

Jembe lilikuwa mkononi mwangu.