Sauti ya Mwalimu Kwenye Simu ya Kina Glory

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote katika miezi ile ya corona ni mlio mfupi wa simu, mmoja tu, uliokuwa ukishuka kila asubuhi kutoka dirisha la ghorofa ya pili mpaka uani kwetu. Kariakoo haikufungwa, lakini ilikuwa imepunguza sauti. Mikokoteni ilipita, wachuuzi waliita, ila kati ya wito mmoja na mwingine palikuwa na kimya ambacho sikuwahi kukisikia kabla, na kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, aliyoiacha babu, vyumba sita na ukumbi katikati, imebanwa na maghorofa pande tatu kiasi kwamba jua liliingia uani saa sita na kutoka saa nane. Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Msimu ule aliacha magauni akawa anashona barakoa za kitenge, na ua mzima ulinuka mafuta ya cherehani na vitambaa vipya ambavyo havijafuliwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikikata nyuzi zilizobaki. Mlio ule ukisikika, mkasi ulisimama mkononi mwangu. Nilijua ni Mwalimu Sikudhani, na nilijua hanitafuti mimi.

Shule yetu ya msingi haikuwa mbali na viwanja vya Mnazi Mmoja. Ilipotangazwa kwamba shule zote zinafungwa, tulikuwa darasa la saba, na mtihani wa kumaliza ulikuwa unatusubiri mwaka uleule. Walimu hawakutaka tukae bure. Mwalimu Sikudhani, aliyetufundisha Kiswahili na ndiye aliyekuwa mwalimu wetu wa darasa, alikusanya namba za wazazi wenye simu janja akafungua kundi la wasapu. Kila asubuhi alirekodi somo kwa sauti yake, akapiga picha karatasi kubwa aliyoiandika nyumbani kwake, akatuma. Mwanafunzi naye alisoma kifungu kwa sauti, akajirekodi, akamrudishia mwalimu kwa namba yake mwenyewe, nje ya kundi, na mwalimu akamjibu mmoja mmoja. Kwa watoto ambao kwao hakukuwa na simu ya namna hiyo, shule ilitoa nakala za mazoezi kila Jumatatu. Mlinzi alizigawa getini, fungu moja kwa kila mtoto, bila kuuliza jina. Mama alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa getini.

Lazima niseme nilivyokuwa darasani kabla ya hapo, maana bila hivyo mtu hataelewa kwa nini iliniuma vile. Nilikuwa wa kwanza tangu darasa la nne. Kifungu cha ufahamu kikifika, Mwalimu Sikudhani alifunga kitabu chake, akavua miwani, akasema, "Zuhura, mwanangu, tusomee." Darasa lilinyamaza nami nikasoma. Alikuwa na sauti nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kunywa chai ya tangawizi, na neno hilo la "mwanangu" nilikuwa nalibeba mpaka nyumbani. Sikuwahi kumsikia akimwita mwingine hivyo. Au pengine aliwaita wote, mimi nikawa nasikia langu tu.

Glory alikaa dawati moja nami. Wazazi wake walikuwa Wachaga wa Machame waliokuwa na duka la jumla la vyombo vya plastiki mtaa wa pili, na walihamia kwenye ghorofa lile lililoinama juu ya ua wetu wakati tuko darasa la tatu. Alikuwa msichana mkarimu, mwenye kucheka haraka, ila kusoma kwa sauti kulimshinda. Alikwama kwenye maneno marefu kama mtu anayevuka dimbwi. Mama yake alikuwa na simu mbili. Ya dukani aliondoka nayo, na ile nyingine alimwachia Glory kwa ajili ya masomo. Basi asubuhi, mlio ukishatoka, nilimsikia Glory dirishani akisoma na kukwama, akirudia, akikwama tena, na moyoni nilikuwa nammalizia kila sentensi. Kisha, baada ya muda, ilishuka sauti ya mwalimu mwenyewe, imekwaruzwa kidogo na simu: "Vizuri sana, Glory, mwanangu. Leo umenifurahisha." Nilikata kamba ya barakoa nzima badala ya uzi. Mama aliiokota, akaitazama, akanitazama, akasema, "We mtoto, akili yako iko wapi?"

Siku ya tatu au ya nne Glory alichungulia dirishani. "Zuhura! Panda juu tusome wote!" Mama alinipa ruhusa na barakoa mpya. Mlangoni kwao Mama Glory alinisimamisha ninawe mikono mpaka viwikoni, akanisalimu kwa macho tu juu ya barakoa yake, nami nikasema shikamoo, akaitikia marahaba huku akikimbilia dukani. Tulikaa sakafuni, kwenye vigae vya baridi, simu katikati yetu. Nilidhani nikisikia somo kwa ukamilifu roho itatulia. Haikutulia. Mwalimu aliwataja watoto kwa majina, huyu ametuma, yule bado, na jina langu halikutajwa popote, kana kwamba sikuwahi kuwa darasani mle. Glory alinisogezea simu akasema, "Na wewe jirekodi, tumtumie. Atafurahi." Nilijibu, "Sitaki kusomea kwenye simu ya mtu." Nilisema hivyo kwa kiburi, na moyoni nilitaka anibembeleze. Glory hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliamini nilichosema, akabonyeza kitufe, akaanza kusoma yeye. Nilimsahihisha maneno. Aliyarudia nilivyomwambia, na sifa zikaja kwake.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda kwa wiki kadhaa. Kila siku nilipanda ngazi nikiwa nimejiapiza kwamba leo sitajali, na kila siku nilishuka nikiwa na kitu kinachochoma chini ya mbavu. Nilianza kuchukia mambo madogo: pazia lao jeupe, jinsi Glory alivyofuta kioo cha simu kwa upindo wa gauni, jinsi alivyotamka "mwalimu wangu" bila kujua ameiba neno la mtu. Jumatatu zikafika nikawa siendi getini kuchukua zile nakala. Nilimwambia mama kwamba kwa Glory ninapata kila kitu. Ukweli ni kwamba niliona aibu kusimama kwenye ule mstari.

Jumanne moja Glory alikwenda jikoni kupepeta mchele. Mlio ukatoka, na simu ilikuwa mbele yangu. Niliiweka sikioni. "Watoto wangu," alisema Mwalimu Sikudhani, "niandikieni insha kuhusu nyumbani kwenu siku hizi, kisha msome mnirekodie. Mwisho Alhamisi saa kumi. Itakayonigusa zaidi, mwenyewe ataisoma mbele ya shule nzima siku tutakayofungua." Nilisikiliza mara mbili. Insha ile ilikuwa yangu. Niliijua sentensi ya kwanza kabla hajamaliza kusema: ua, kitenge, jua la saa sita mpaka saa nane. Ningeweza kusubiri Glory arudi, nikamwambia nimebadili mawazo, nipe nijirekodi. Angenipa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilijua kabisa angenipa. Lakini sikutaka kupewa. Nilibonyeza ujumbe ule, nikaushikilia, nikauona umebadilika rangi, nikagusa kile kikapu kidogo pembeni. Ukatoweka. Glory alirudi na pumba mikononi akauliza, "Mwalimu hajatuma?" Nikasema, "Bado."

Ijumaa Mama Glory alikuwepo nyumbani mlio ulipotoka. Nilikuwa uani. Nilisikia sauti ya mwalimu, safari hii bila furaha: "Glory, wenzako wote wameleta insha. Wewe peke yako sijakusikia." Kisha nikamsikia Mama Glory akiuliza, insha gani, na Glory akisema hajui, kwa kweli hajui, na mama yake akisema simu nimekuachia usome wewe unaichezea, na baada ya hapo vibao viwili na kilio. Simu ilipelekwa dukani. Sitadanganya: nilifurahi. Nilifurahi kuanzia asubuhi ile mpaka jioni. Jumamosi nilipoamka dirisha lilikuwa limefungwa, hakuna mlio, hakuna mtu anayekwama kwenye maneno, na nilijikuta nimekaa na mkasi nikisikilizia.

Jumatatu mama alinituma getini kwa nguvu. Nilimkuta Mwalimu Sikudhani mwenyewe, amesimama mita mbili kutoka kwenye mstari, barakoa ya bluu usoni, amekonda. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miezi. Nilisema, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Zuhura. Afadhali nimekuona. Glory ana nini? Anaumwa?"

Hakuuliza habari zangu. Kilinipanda kitu kilekile cha chini ya mbavu, nikasema, "Haumwi, mwalimu. Labda hataki tu kusoma."

Alifumba macho. "Alhamdulillah," alisema. "Mwaka huu mtu akininyamazia mimi naogopa. Juzi nimeshika simu nimpigie mama yake, nikashindwa, nikaogopa nitakachojibiwa." Aliniwekea nakala mikononi, kama alivyomwekea mtoto wa mbele yangu na wa nyuma yangu, akasema, "Soma, mama, mtihani upo," akageukia mwingine. Wino ulikuwa umefifia pembeni. Nilizipekua zote nikitafuta mwandiko wake. Haukuwepo.

Nilitembea kurudi nyumbani nikilia ndani ya barakoa, na sijui vizuri nililia kwa ajili ya nani. Nadhani mwanzo nilijililia mwenyewe. Lakini nilipofika pembeni ya soko nilikuwa namwona mwalimu ameshika simu akiogopa kuipiga, na nikaelewa kwamba hofu ile nilimpa mimi. Miguu ilipita nyumbani ikaenda mtaa wa pili.

Mama Glory alikuwa kati ya minara ya mabeseni, akiwahudumia wanawake wawili waliotoka Buguruni kununua ndoo. Niliogopa kwamba nikisubiri wamalize nitakimbia, kwa hiyo nilisema palepale. Nilisema nimefuta ujumbe wa mwalimu. Nilisema Glory hakujua. Wanawake wale waliacha kugonga ndoo. Mama Glory alivuta barakoa mpaka kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu corona ianze niliuona uso wake wote.

"Umenifanya nimpige mwanangu bure," alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Aliingiza mkono chini ya meza, akatoa ile simu, akanishikisha. "Mwambie mwalimu wako mwenyewe. Kwa mdomo wako."

Ndivyo ilivyotokea kwamba mara ya kwanza sauti yangu kumfikia Mwalimu Sikudhani kwa simu, nilikuwa nimesimama dukani kwa watu, nikikwama kwenye maneno kuliko Glory alivyowahi kukwama. Nilisema nilichokifanya na nilichomwambia getini. Nilitaka kueleza kwa nini, nikakosa pa kuanzia. Niliachia kitufe. Alama mbili zikawa bluu. Tulisubiri, mimi na Mama Glory, na wale wanawake nao hawakuondoka. Jibu lilikuwa fupi. "Nimekusikia, Zuhura. Mwombe Glory radhi." Nilisubiri neno jingine. Halikuja.

Glory nilimkuta ngazini. Nilimwomba radhi, naye akanitazama kwa mshangao zaidi ya hasira. "Ungesema tu unaitaka simu," alisema. "Mimi kusoma kule nilikuwa sipendi hata kidogo. Nilikuwa nakuita ili usome wewe." Kisha akapanda juu, na dirisha halikunichungulia tena mpaka shule zilipofunguliwa. Siku ile ya kufungua, insha ilisomwa na msichana wa dawati la nyuma kabisa, ambaye sikuwahi kumhesabu kuwa mshindani. Aliandika kuhusu bibi yake anayejifukiza mwarobaini chini ya blanketi, na shule nzima ilicheka na kupiga makofi. Ilikuwa insha nzuri. Nilipiga makofi pamoja na wote, na mikono yangu ilikuwa mizito.

Sasa niko chuo cha ualimu. Mama ana simu janja, na mdogo wangu wa darasa la nne anatumiwa kazi za likizo kwenye kundi la darasa lao. Huzisikiliza huku anakula, mguu mmoja juu ya kiti, na akichoka humkatiza mwalimu katikati ya sentensi. Namtazama nikitaka kumnyang'anya. Glory anasoma uhasibu Moshi. Tunazungumza, si mara nyingi, na hatujawahi kuligusa jambo lile. Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika shule moja, na wanafunzi wakanizunguka wakati wa mapumziko wakimsifia mwanachuo mwenzangu: anavyochekesha, anavyoimba, anavyojua majina yao yote. Waliniambia mimi, kwa moyo mweupe, kama watoto wanavyosema. Nilitabasamu. Na kile kitu kikaamka chini ya mbavu, hakijazeeka hata siku moja. Zamani nilidhani kukua ni kukiua. Sasa ninachokiweza ni kukijua kikianza, na kukaa nacho bila kugusa kitu cha mtu. Jioni ile nilimwendea mwenzangu yule nikamwambia kwamba watoto wanampenda sana. Alifurahi mno. Iliniuma kulisema, na nililisema lote.